Dumuzi ni Mtu wa Msituni

Bibi yangu alipima chakula kwa sikio. Kila jioni, kabla hajaingia jikoni, alikipiga kihenge kofi moja ubavuni, kisha akasikiliza. Kihenge kilichoshiba hujibu kwa sauti nzito na fupi. Kilichopungua hulia kama ngoma. Jioni moja ya mwezi wa kumi na moja mwaka 1986, mvua zikiwa bado zinatudanganya kwa mawingu matupu, alipiga kofi, akanyamaza, akapiga tena, halafu akaniita.

"Mume wangu, hebu njoo uweke sikio hapa."

Nilikuwa na miaka minane. Niliegemeza sikio kwenye udongo wa kihenge, na ndani nikasikia kitu kama mtu anayetafuna ukoko chumba cha pili, bila haraka na bila kupumzika.

Babu alipofunua mfuniko, mahindi yalikuwamo yote, yamepangana na maganda yake vilevile alivyoyapanga mwezi wa saba. Ulikuwa wizi wa ajabu, mali ipo na mali haipo. Ukimenya hindi, punje zinabonyea kama ganda la yai, na unga mweupe unakumwagikia mpaka kwenye kiwiko. Bibi aliukinga unga ule kiganjani, akaunusa, akasema, "Kasaga, na hela ya mashine hakutudai." Babu hakucheka. Tuliokuwa tunakitegemea kihenge kile mpaka mwezi wa tatu tulikuwa tisa.

Kijijini kwetu, upande wa Urambo, mdudu yule alikuwa na jina moja tu: Scania. Malori makubwa yaliyobeba tumbaku na nafaka ndiyo yaliyompa jina, maana mzigo wa msimu mzima aliupakia mara moja akaondoka nao. Mabwana shamba walimwita dumuzi, na jina hilo ndilo lililoshika nchi nzima. Baadaye nikasikia kwamba Kenya wapo wakulima wanaomwita Osama. Watu humpa jina la kitu kinachowatisha wakati huo. Wataalamu nao wanamwita *Prostephanus truncatus*, jina alilopata kutokana na maelezo ya Mmarekani George Horn mwaka 1878, miaka mia moja kabla ya kutufikia sisi.

Wazee waliwajua wadudu wa ghalani. Fukusi alikuwapo tangu na tangu, na fukusi ana adabu yake: anakula, nawe unakula. Ukianika anatoka, ukipepeta anaondoka, na mahindi aliyoyatoboa yanapikwa kande huku kila mtu akijifanya haoni. Dumuzi alikuwa mgeni. Aliingia mwishoni mwa miaka ya 1970, akatambuliwa rasmi mwaka 1981 hapa hapa Mkoa wa Tabora. Wazee wanasimulia kwamba alikuja na mahindi ya msaada. Watafiti waliopita vijijini miaka ile walikuta maghala yaliyopoteza hadi asilimia 34 ya uzito wa mahindi ndani ya miezi mitatu hadi sita. Makopa ndiyo yaliteketea kabisa, kwani kulikuwa na mihogo mikavu iliyopoteza asilimia 70 kwa miezi minne. Soma tena nambari hiyo ukikumbuka kwamba makopa ndiyo chakula mtu anachokimbilia mahindi yakiisha.

Ila mimi nilichokumbuka zaidi utotoni hakikuwa njaa. Ni jirani. Hatua hamsini kutoka kwetu palikuwa na nyumba ya mzee mmoja mpole, mpenda ugoro, ambaye kihenge chake mwaka ule hakikuguswa. Mahindi yaleyale, mbegu ileile, tena tulivuna wiki moja. Maneno yakaanza chini kwa chini. Mbona kwake salama? Shangazi yangu mmoja alishasema waziwazi kisimani kwamba pale pana wanga. Mzee yule alipokuja na debe mbili za mahindi kumsaidia babu, babu alipokea kwa mikono miwili, na usiku nikamsikia bibi akiuliza kama yapikwe au yamwagwe. Yalipikwa. Lakini salamu za nyumba ile na nyumba yetu hazikuwahi kurudi zilivyokuwa.

Sasa mimi ni mwalimu wa baiolojia, na dumuzi nimemfundisha miaka mingi kama inavyotakiwa, yaani chini ya kichwa "wadudu waharibifu wa nafaka", mistari minne, dawa yake, basi. Ilinichukua muda wa aibu kujua kwamba kichwa chenyewe kimekosea. Dumuzi si mdudu wa nafaka. Ni mdudu wa mti. Ukoo wake, Bostrichidae, kazi yake duniani ni kutoboa miti mikavu, na yeye alizaliwa katika misitu na vichaka vya Mexico na Amerika ya Kati, kwenye matawi yaliyokufa.

Ukimtazama kwa lenzi utaona kwamba hakuumbwa kwa ajili ya punje. Ana milimita tatu hadi nne na nusu, mweusi wa kahawia, mviringo kama kipande cha risasi ya penseli. Fukusi ana mdomo mrefu kama mkonga. Dumuzi ukimtazama kwa juu hata kichwa humwoni, kimefichwa chini ya kifua kama mtu aliyejifunika kofia ya koti la mvua. Kifua chenyewe kina vijimeno kama tupa. Nyuma mwili haumaliziki kwa duara, umekatwa mteremko kama kwa panga, na hapo ndipo lilipotoka neno *truncatus*. Mwili wote ni kekee. Mbele unatoboa, na ule mkato wa nyuma unasukuma vumbi nje ya tundu.

Anatafuta nini ndani ya mti? Swali hili nililijibiwa na fundi seremala wa Tabora mjini kabla sijalisoma popote. Nilikwenda kununua kitanda cha mninga, nikaona anachambua mbao na kutupa pembeni zote zenye weupe. Nikamuuliza kwa nini anapoteza mali. Akasema, "Mwalimu, nyekundu ni mbao. Nyeupe ni chakula." Kitanda chenye weupe, alieleza, baada ya mwaka kinaanza kuacha vijilima vya vumbi laini sakafuni, mteja anarudi akisema umemuuzia mchwa. Siyo mchwa. Ni binamu wa dumuzi.

Fundi alikuwa sahihi kuliko kitabu changu. Kiini cha mti, ile sehemu nyekundu ya mninga, kimekufa zamani na kimejaa kemikali zinazowachukiza wadudu. Weupe wa nje ndio uliokuwa hai: ndimo maji yalimopita, na ndimo mti ulimoweka akiba yake ya wanga. Mbao kwa sehemu kubwa ni selulosi na lignini, vitu vigumu kumeng'enya, kwa hiyo wadudu wa ukoo huu hupitia mbao wakiwinda wanga. Wanatafuna mlango mzima kwa ajili ya ugali ulio nyuma yake.

(Kumbe shangazi pale kisimani alikuwa amesema kweli. Ilikuwa ni wanga. Ila siyo wale aliowadhania.)

Msituni wanga haupatikani ovyo. Mti unaokufa polepole huitumia akiba yake kidogo kidogo, na tawi linalokauka kwa uzee huwa limeshakombwa. Tawi zuri ni lile lililokufa ghafla, akiba ikiwa bado ndani. Na hapa ndipo dumuzi anapomhitaji mdudu mwingine, mbawakawa mkubwa mwenye vipapasio virefu kuliko mwili wake. Jike la mbawakawa huyo hulizunguka tawi bichi akilitafuna gamba na mbao pande zote, mpaka limebaki limeshikiliwa na kiini tu. Chakula kilichotengenezwa na majani hakiwezi tena kushuka. Kinabaki juu ya ule mkato, tawi linakauka likiwa limeshiba. Yeye hutaga mayai humo, mabuu yake yakute mbao kavu yenye lishe. Mwambao wetu wanamjua ndugu yake mmoja, *Paranaleptes reticulata*, anayekata matawi ya mikorosho na misufi kwa mtindo huohuo; ukipita shambani ukaona tawi limening'inia limekatwa duara safi kama kwa msumeno, usimlaumu mtoto wa jirani.

Dumuzi hufika baada ya karamu kuandaliwa. Mexico watafiti walimkuta akizaliana katika matawi yaliyokatwa hivyo, ikiwemo miti ya jenasi ya *Bursera*. Hutoboa, jike hutengeneza vijitundu vya pembeni na kutaga mayai humo, mabuu meupe yaliyojikunja kama kulabu hukua ndani ya vumbi la wazazi wao. Kukiwa na joto la nyuzi 32 hivi na unyevu wa kutosha, yai hadi mdudu kamili ni kama siku 25. Tawi likiishiwa wanga, kizazi kipya huruka, hasa jioni giza likiingia, kwenda kutafuta tawi lingine.

Sasa chukua hindi lililokauka na maganda yake. Litazame kama dumuzi anavyolitazama. Nje kuna gamba la nyuzinyuzi. Ndani kuna gunzi, yaani kijiti. Juu ya kijiti, vipande vigumu vya wanga vimebanana havichezi. Mwenye kekee anahitaji mbao iliyoshikiliwa vizuri, na punje iliyo kwenye gunzi imeshikiliwa kama kwenye jiriwa ya seremala. Punje zilizopukuchuliwa zinateleza anapozisukuma. Mara nyingi huanzia kitakoni mwa hindi, anaingia kwa gunzi, anapanda ndani kwa ndani hadi kwenye punje, na ndiyo maana babu kila alipotazama kwa juu aliona mahindi mazima. Tulimjengea msitu ambao kila tawi limekufa likiwa limeshiba, tukaukandika udongo mvua isiingie, tukaupandisha juu ya nguzo mbuzi wasimsumbue.

Na wala mahindi hayakuwa mageni kwake. Hili ndilo linaloniweka macho wakati mwingine. Mahindi yenyewe yalianza Mexico, yakafugwa na watu wa huko kutoka kwenye nyasi ya mwituni miaka kama 9,000 iliyopita. Wareno wakayaleta Afrika kuanzia karne ya 16, yakaingia bara polepole, yakawakuta Wanyamwezi na mtama na uwele wao. Mdudu alibaki nyuma. Zao lilitangulia miaka mia nne na ushee, likazoea hapa, likawa letu kiasi kwamba mtoto wa Kitanzania akiambiwa ugali si wa asili anakasirika. Halafu siku moja mtu wa kwao akabisha hodi.

Alivyoenea baada ya hapo ni hesabu ya barabara na reli: Taveta upande wa Kenya mwaka 1983, Burundi mwaka 1984, na mwaka huohuo akajitokeza Togo, upande wa pili wa bara. Jambo lililowashangaza watafiti ni walipotundika mitego yenye harufu yake mbali na mashamba, na dumuzi akanaswa. Ndani ya pori la Tsavo, ambako hakuna anayelima mahindi, yumo. Amerudi kwenye kazi ya ukoo wake. Kenya alionekana anaweza kuzaliana katika matawi makavu ya miti kadhaa, na anayoipenda ni ya jenasi ya *Commiphora*, ile iliyotupa manemane. *Commiphora* na *Bursera* ya Mexico ni miti ya ukoo mmoja. Alivuka bahari akakuta shemeji zake wamekaa kibarazani.

Ndiyo maana hatoki. Miaka ya 1980 kampeni zilikuwa za kumtokomeza, na yule wa ghalani unaweza kumtokomeza kweli: pukuchua, changanya dawa, safisha, choma mabaki. Ushauri ule wa kupukuchua, ambao babu aliuona usumbufu wa watu wa ofisini, ulikuwa na akili sana. Ulikuwa unavunja tawi. Hata dawa ilibidi ibadilike, maana dawa ya fukusi, pirimifosi-methili, dumuzi anaivumilia, naye anakufa kwa permethrini ambayo haimtishi sana fukusi, hivyo vumbi la Actellic Super likachanganya zote mbili. Lakini utapiga dawa pori la Tsavo?

Kuna harufu niliyoitaja kwenye mitego, na hiyo ndiyo inayonirudisha kwa jirani yetu mpenda ugoro. Dumuzi hana pua ya mahindi. Hanusi kihenge kutoka mbali akakijia. Wanaporuka jioni wanaangukia wanapoangukia, kwenye tawi, kwenye nguzo, kwenye ghala. Dume likijikuta mahali penye chakula, linatoboa, na likishatulia linaanza kutoa harufu ya kuita. Hiyo ndiyo inayosafiri. Majike wanakuja, na madume wengine pia wanakuja. Cha kuchekesha ni kwamba dume akishapata jike hupunguza sana kuita. Anayepiga kelele usiku kucha ni mpweke. Kwa hiyo vihenge viwili vyenye mahindi sawa, hatua hamsini kati yake, vinaweza kutofautiana kama mbingu na ardhi kwa sababu tu kapera mmoja, jioni moja, aliangukia huku akakosa kuangukia kule. Mzee yule alifariki mwaka 1999. Nilijua habari hii ya makapera miaka mingi baadaye.

Harufu ileile inamwita na adui. Huko Amerika ya Kati yupo mbawakawa mdogo zaidi, *Teretrius nigrescens*, mweusi anayeng'aa, anayekula mayai na mabuu ya dumuzi ndani ya matundu yake mwenyewe; ameijifunza sauti ya mpweke na kuifuata. Aliachiwa Togo mwaka 1991 na Kenya mwaka 1992. Kwenye maeneo ya joto na unyevu alisaidia, kwingine kidogo, kwa kuwa hazaliani kwa kasi ya windo lake. Namheshimu, lakini simtegemei kulinda gunia.

Na kazi yake msituni, je, ni hasara tupu? Hapa ndipo wanafunzi wangu huniangalia kama nimehongwa. Likizo moja niliwatoa darasani kwenda kwenye kipande cha miombo kilichobaki nyuma ya shule, kilichobaki kwa sababu wakata kuni za kukaushia tumbaku hawajakifikia bado. Tuliokota tawi la mtundu lililokufa, jepesi ajabu. Nililivunja gotini, likatoa moshi wa vumbi. Ndani, njia za wadudu wa ukoo huu huu, wenyeji wa miombo, ambao walikuwa hapa kabla ya Scania na kabla ya mahindi. Tawi gumu lililokufa juu ya mti ni kama sanduku lililofungwa: maji hayaingii, uyoga hauingii, mchwa hawalifikii. Hawa ndio wanaopiga tundu la kwanza. Kupitia matundu yale maji hupenya, kuvu hupenya, mbao hulainika, tawi huanguka, mchwa hulimalizia chini na udongo wetu maskini wa kichanga hupata kitu kidogo. Kigong'ota naye hufuata mabuu. Mtoto mmoja akauliza, "Sasa mwalimu, wasingekuwepo?" Nikamwambia atazame juu ahesabu matawi makavu.

Nao husafiri pia kwa upande wa pili, jambo ambalo huwafurahisha sana darasani. Yupo mmoja wa Afrika, *Bostrychoplites cornutus*, mwenye pembe mbili mbele ya kifua kama mbuzi mdogo, ambaye hugunduliwa mara kwa mara Ulaya akitoka ndani ya ngoma na vinyago vilivyonunuliwa na watalii. Mtu kaweka kinyago sebuleni, asubuhi anakuta unga sakafuni. Sisemi ni malipo, ila nasema tu.

Mwaka jana nilikwenda nyumbani kumsaidia mama kuvunja kihenge cha zamani. Siku hizi anaweka mahindi kwenye mifuko isiyopitisha hewa, ile inayofungwa mdomo kwa kamba mpaka wadudu walioko ndani wanakosa pumzi, ingawa nayo nimemwonya: dumuzi akiikuta kutoka nje, plastiki kwake ni gamba jembamba. Tukavunja kuta, tukachoma fito. Zikabaki nguzo nne. Tatu zilisagika mkononi. Ya nne, ya mninga, weupe wake wote ulikuwa umeliwa miaka mingi iliyopita, umebaki wavu wa matundu kuzunguka kiini chekundu kigumu kama chuma. Matundu mengi yalikuwa yamezibwa kwa udongo laini, kila moja na kizibo chake. Nyigu wadogo wapweke walikuwa wamepanga humo na kulea watoto wao.

Niliipiga kofi, nikaweka sikio. Mama aliniona, akasema nikimaliza kusikiliza niizamishe vizuri ardhini, anataka kufungia mbuzi.